Mpatanishi Asiyekula kwa Mtu

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Dada Mutesi, naapa kukuambia yote, hata yale yatakayoniaibisha. Motari Shyaka atateremka huko kwenu Kibua na pikipiki yake wiki ijayo, na kurasa hizi zitakuwa ndani ya koti lake. Barua yako nimeisoma. Pole kwa mama mkwe wako, Mama Nyirabagenzi, anayepita mlangoni pako bila salamu tangu ulipopasua kinu chake. Nitalifikiria.

Leo Madame Libérata alikuja shuleni kutufundisha kupatanisha watu. Dada, sijaona mtu kama yeye! Hakupaza sauti hata mara moja, na wavulana wa nyuma walinyamaza kama wako kanisani. Alisema tusiishie kwenye kile mtu anachodai; tutafute anachohitaji. Na mpatanishi haegemei upande wowote. Ni mimi huyo! Nilizaliwa hivyo, ila hakuna aliyenijulisha.

Na kazi ipo. Ng'ombe wetu Gaju aliingia katika maharagwe ya Papa Munyakazi. Papa yetu akasema uzio ulikuwa mbovu. Papa Munyakazi akasema mchungaji wetu alikuwa amelala. Hawasalimiani tena. Na Vestine, binti yake, rafiki yangu tangu tulipokuwa na meno ya utotoni, amekatazwa kutembea nami. Jumamosi Papa Munyakazi atapanda ua wa miti ya miyenzi toka kijitoni mpaka barabarani, afunge njia iliyo kati ya nyumba zetu. Unaijua miyenzi. Ikishika mizizi, hata wajukuu wetu watazunguka kilima kizima ili wasalimiane.

Basi nina mpaka Jumamosi.

Jumanne, tarehe 7

Nilianza na Papa. Alikuwa anakamua. Nilimuuliza kwa sauti ya Madame Libérata: nyuma ya hasira yake kuna haja gani? Alifikiri sana. Akasema kuna haja ya mimi kwenda kuchota maji.

Nilichota. Vestine alikuwa ng'ambo ya kijito. Aliinua mkono nusu, akaangalia nyuma, akaushusha.

Jioni Mama aliuliza kwa nini siongei. Nikasema ninasikiliza. Akasema nisikilize na sufuria, isiungue. Iliungua.

Jumatano, tarehe 8

Wazo kubwa! Mpatanishi wa kweli hali chakula cha upande wowote. Asubuhi nilikataa maziwa ya Gaju, maana Gaju ni mshtakiwa. Mama alinishika paji la uso akitafuta homa. Baada ya masomo nikaenda kwa Papa Munyakazi, nina njaa na heshima. Mama Vestine alishtuka kuniona, lakini alinikaribisha bila neno baya, akaniwekea sahani ya maharagwe na viazi. Mvuke wake, Dada! Nikakunja mikono. Nikasema asante, siwezi kula kwenu.

Kijiko cha Vestine kilisimama hewani. Mama Vestine akauliza polepole: « Kwa papa yako Rukara wanatuona sisi ni watu wa sumu? »

Hapo tu nilikumbuka! Hata mtoto wa mwaka wa kwanza anajua kukataa sahani ya jirani kunasema nini huku kwetu. Nilitaka kueleza habari ya kutoegemea upande. Nilianzia kwa Gaju. Sikufika mbali.

Ijumaa, tarehe 10

Habari ya sumu imefika kijitoni, sokoni na kwenye kwaya. Papa Munyakazi anasema Rukara anafundisha watoto wake matusi. Papa anasema hajui mtoto huyo ni wa nani.

Miche ya miyenzi imeshakatwa. Nimeiona imelazwa kando ya njia, rundo refu, utomvu mweupe ukidondoka. Vestine alikuwa anaifunga mafungu mafungu. Tulitazamana. Safari hii hakuinua mkono.

Nililia kidogo nyuma ya zizi. Kisha nikapata wazo bora kuliko yote!

Nilimwambia Papa kwamba kesho Papa Munyakazi atakuja njiani kumwomba msamaha, ila ana haya, asiulizwe kitu. Nikamkuta Papa Munyakazi akinoa panga. Nikasimama mbali, nikamwambia vilevile juu ya Papa. Kila mmoja alinijibu neno lile lile: « Aa. Kumbe njo vile. » Na kila mmoja alitabasamu akidhani simwoni. Waona, Dada? Haja yao ilikuwa moja! Madame Libérata anaona ndani ya watu.

Jumamosi, tarehe 11

Walifika! Papa alivaa koti la kanisani, na kwapani alibeba fromaji nzima, jibini ya maziwa ya Gaju, ya kumtuliza mwenye kutubu. Papa Munyakazi alikuja na jembe, lakini kichwani kofia ya sikukuu. Mama Vestine na Vestine walifuata nyuma. Mimi nilijificha nyuma ya rundo la miyenzi.

Walisalimiana. Wakakaa. Wakangoja.

Sijapata kuona kungoja kwa namna ile! Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukatufunika, ukaondoka, na wao bado wanangoja, kila mmoja na sura ya padri anayepokea maungamo. Mwishowe Papa akasema kwa upole: « Sema tu, Munyakazi. Usiogope. »

« Niseme nini? Wewe njo ulikuja kusema. »

« Mimi? Nani alikuambia? »

Wakageuka pamoja, wakatazama rundo la miyenzi. Mguu wangu ulikuwa nje.

Mama Vestine ndiye aliyeanza kucheka. « Huyu mutoto iko na akili mingi, kichwa yake inakuwa kidogo! » Papa Munyakazi alicheka hata kofia ikaanguka. Papa hakucheka. Alisema nitaadhibiwa. Papa Munyakazi akasema hilo ni lazima. Neno la kwanza walilokubaliana tangu kosa la Gaju!

Ndipo wakaanza kujadiliana. Papa alitaka nichunge Gaju kila jioni. Papa Munyakazi akasema hapana, aliyetukanwa ni mke wake, nipalilie maharagwe yake. Papa akasema kwa kuzunguka kilima nitafika giza limeingia. Papa Munyakazi akakuna kidevu, akasema basi ataacha mwanya katika miyenzi, upana wa mtoto mwenye jembe. Papa akasema hatumi mtoto kwa watu mikono mitupu. Awe mtoto mwenye ndoo ya maziwa. Kama kuna maziwa, akasema mwenzake, mwanya uwe wa mtu mzima. Kama ni wa mtu mzima, akasema Papa, basi mchungaji wetu atakuja kutengeneza ule uzio mbovu. Papa Munyakazi akashika jembe. Papa akasema upesi: « Ule ulichoka. » Papa Munyakazi akalitua. « Ulichoka, ndiyo. »

Nilisahau kufunga mdomo. Waliniuza kama mbuzi sokoni, na kila bei ilipanua njia!

Mama Vestine akaleta sahani. Akaonja kwanza mwenyewe mbele ya wote, akanipa. Nilikula. Akaongeza. Nilikula. Papa Munyakazi akakata fromaji, akala kipande cha kwanza akimtazama Papa. Vestine akanisukuma kwa kiwiko: « Mupatanishi, achia na wengine! »

Jumatatu, tarehe 13

Papa anasema nisipeleke tena neno la mtu ambaye hakunituma. Nimemjibu nimesikia. Ni kweli nilimsikia, mpatanishi husikiliza.

Lakini matokeo yako wazi. Mbinu yangu inafanya kazi! Ndiyo maana Shyaka atapita kwanza kwa mama mkwe wako, amwambie kwamba umekonda kwa majuto na unataka kumwomba msamaha, ila una haya. Kurasa hizi atakupa baadaye. Wewe vaa vizuri, kaa mlangoni, na ujifanye hujasoma.

Shyaka anawasha pikipiki. Dada, nijibu kwa motari huyu huyu: Mama Nyirabagenzi ameshafika, na mkononi amebeba nini?