Beseni la Chumvi la Mwaka wa Vita

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024

Destin amelala. Miezi minane, meno mawili, mate kila mahali. Niandike haraka.

Mwalimu Marie-Louise anahamia Kasongo. Anauza mashine yake ya kushona, dola mia moja na ishirini, mwisho Jumamosi. Mimi niko na ishirini ndani ya kopo la maziwa. Nikiipata nitashona mlangoni pangu, mutoto akicheza chini ya meza. Sitatembeza tena mikate kwenye jua hili la Alunguli. Kibao nimeshakiona kichwani: MAMA DESTIN, MSHONAJI.

Tatizo ni jirani Odette. Naye anaitaka. Ana sitini. Alipita asubuhi akaniuliza, kwa sauti ya asali, kama mlango wangu una upana wa kupitisha mashine. Anaujua mlango wangu.

Nimevuka mto mpaka Kasuku, upande mwingine wa Kindu, kuomba mkopo kwenye koperative ya kredi. Papa Henri, ajenti wa pale, tai shingoni na joto lote hili. Kauliza nina mali gani ya kuweka dhamana. Nikasema mutoto na matumaini. Hakuandika kitu. Kisha, nadhani kwa huruma, kasema mali si viti na mbuzi tu. Hata deni unalomdai mtu ni mali, na benki hulipima na kuliandika kitabuni.

Nilirudi mbio. Ndani ya valizi ya Mama kuna daftari lake la miaka ya vita. Ukurasa wa nne: "Scholastique, chumvi, beseni moja. 2000."

Mimi ni tajiri!

Jumanne, 4 Juni

Kila kitu ni bei. Nimemuuliza Mzee Waziri, ambaye wakati wa vita alikuwa anasukuma baiskeli ya chumvi kutoka Kasongo. Anasema treni zilikuwa hazifiki, chumvi iliuzwa kwa kijiko, na glasi tano zilikuwa mbuzi mmoja. Alisema hayo akiangalia mbali. Nikampa pole, ni mtu mzima. Kisha nikauliza beseni linaingia glasi ngapi. Hamsini.

Basi mbuzi kumi! Mbuzi leo ni dola sabini. Dola mia saba! Mashine tano, na baki. Nimewaza mabati. Nimewaza viatu vya Destin, ingawa hata kusimama bado.

Odette alipopita nimemsalimia kwa huruma, kama tajiri anavyosalimia.

Jumatano, 5 Juni

Papa Henri hakupiga makofi.

Kasema bei ya haki si ya zamani na si ya moyo. Bei ya haki njo ile ambayo watu wawili wanaokijua kitu wangepatana leo, bila yeyote kubanwa. Wakati wa vita wote walikuwa wamebanwa. Nikamwambia mimi hata leo nimebanwa. Akasema ndiyo maana siulizwi mimi, linaulizwa soko. Na soko lenyewe liko ng'ambo ya barabara, linaonekana kwa dirisha lake! Nikaenda. Beseni la chumvi, dola sita. Muuzaji wa tatu alisema tano na nusu, sikumsikia.

Akaandika sita. Kisha akapunguza moja, eti mdaiwa ni mama mzee, anaweza kuchelewa kulipa. Dola tano! Kutoka mia saba! Mgongoni Destin akacheka, sijui na nani.

Nikageuza ukurasa wa daftari kwa hasira tu. Na pale: "Scholastique, mbuzi jike. 2001."

Mbuzi! Sabini, soko lenyewe limesema. Jumla sabini na tano. Papa Henri kasema Scholastique akiweka kidole kwamba anakubali deni, yeye atanikopesha arobaini. Nimeweka sahihi yangu kwanza. Kubwa, mpaka pembeni ya karatasi.

Alhamisi, 6 Juni

Mama Scholastique anauza mawese karibu na kivuko. Nilipiga goti kidogo, nikamsomea karatasi kwa heshima zote. Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kasema nimpigie mama yangu simu kwanza, kidole chake hakikimbii.

Mama yuko Obokote, kwa yaya, dada yangu mkubwa. Alisikiliza yote. Kisha akauliza ni nani alinifundisha kusoma.

Lile daftari si la tunaowadai. Kina mama wa barabara yetu wote walikuwa nalo wakati wa vita. Waliandika nani amewasaidia, ili wakifa watoto wajue wa kumshukuru. Chumvi alileta Scholastique. Mbuzi pia alileta Scholastique, wiki niliyozaliwa, kwa sababu Mama hakuwa na maziwa. "Wewe njo ulikunywa ile mbuzi," kasema, na simu ikakatika.

Kwa hiyo sidai. Nadaiwa. Sabini na tano, zimepimwa vizuri, kwa bei ya leo, na sahihi yangu chini.

Nashukuru Mungu kwa bei ya leo. Kwa ile ya Mzee Waziri, ningedaiwa mbuzi kumi na mmoja.

Ijumaa, 7 Juni

Nimevuka kueleza, kabla mambo hayajaharibika zaidi. Papa Henri alisikiliza, akachukua kalamu, akahamisha namba kutoka upande wa kushoto, wa mali, kwenda wa kulia, wa madeni. Kumbe deni lako nalo hupimwa vilevile! Nikamwomba basi anipunguzie na mimi ile dola ya kuchelewa, maana ninaweza kuchelewa kuliko mtu yeyote Maniema. Kasema maneno hayo nisiyapandishie sauti ndani ya nyumba ya kredi.

Mlango ukafunguka. Mama Scholastique, na kitenge cha sikukuu! Nikajua nimekwisha. Nikamfunika Destin kichwa, sijui kwa nini. Papa Henri akasimama wima. Kumbe mama huyu anakopa pale tangu miaka minane, na hajachelewa hata siku moja; kwa jina la daftarini tu hakumtambua.

Hakukaa.

"Papa Henri, mbuzi yangu njo huyu hapa," kasema, kidole chake kwangu. "Umuangalie vizuri. Halafu uniambie leo iko bei gani."

Papa Henri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema bei hiyo hakuna soko linaloijua.

"Basi uandike mimi njo dhamana yake. Na karatasi ile upasue. Sikuleta mbuzi ili nirudishiwe."

Nimelia kidogo. Destin amelia sana, kwa kunisindikiza. Dola arobaini mkononi!

Jumamosi, 8 Juni

Arobaini na ishirini ni sitini. Mashine ni mia moja na ishirini. Wiki nzima ya hesabu, na hiyo moja sikuifanya!

Nilifika kwa Marie-Louise mbio, nikamkuta Odette mlangoni. Sitini zake. Sitini zangu. Tulitazamana kama paka wawili na samaki mmoja. Marie-Louise alikuwa anafunga magodoro, kasema hana muda wa fujo, tununue pamoja au aondoke nayo. Tukanunua. Siku tatu zangu, siku tatu za Odette, Jumapili mashine inapumzika. Itakaa kwake, kwa sababu ya ule upana wa mlango. Odette alilisema hilo mara mbili.

Leo ilikuwa zamu yangu. Nimeshona shati la Destin. Mkono mmoja umekuwa mrefu kuliko mwenzake, lakini ni shati! Nilimpeleka kwa Mama Scholastique amuone. Alimbeba muda mrefu. Kasema litamtosha akikua, upande mmoja.

Jumapili, 9 Juni

Nimewaza kanisani, wakati wa mahubiri. Mashine nzima bei yake inajulikana. Lakini mimi sina mashine nzima, mimi nina nusu. Na nusu mashine, Kindu nzima, hakuna anayeiuza! Kitu kisichopatikana kinaweza kuwa rahisi? Nimekadiria kwa utulivu: dola mia tatu.

Nilikwenda kumwambia Odette, ili aone wivu. Akaangalia mashine, akaniangalia mimi. Kisha, kwa upole ambao sikuutegemea kwake, akasema hesabu yangu ni sawa kabisa. Na kwa kuwa sisi ni majirani, yuko tayari kuniuzia nusu yake kwa mia tatu hizohizo, bila kuongeza hata dola moja.

Watu wawili, hakuna aliyebanwa, tumepatana. Papa Henri atafurahi sana.

Kesho navuka na mtumbwi wa kwanza kwenda kukopa mia tatu, kabla Odette hajagundua kwamba amejipunja.