Kilomita Kumi na Mbili za Baba Sara

Jumatatu, 1 Oktoba 2012
Mwezi wa kwenda shule kwa miguu! Kwenye mkutano wa wazazi nimesimama, nikasema kule Bukoba mimi, Methodius, nilitembea kilomita kumi na mbili kila asubuhi, pekupeku. Wakanipigia makofi! Dilawar, jirani wa ghorofa ya nne, ndiye anayewaongoza watoto wa jengo letu, na kizibao chake cha reflekta. Nimekitamani. Mwalimu kaahidi nikitembea na binti yangu Sara wiki nzima, kizibao changu.

Jumanne, 2 Oktoba
Lahaula! Nusu saa nzima kwa miguu, na baridi hii ya North York, hapa Kanada! Sara kanisubiri mara tatu. Akasema, kwa Kiingereza kama siku zote, anataka kuingia timu ya mbio. Majaribio Ijumaa, na kutembea kunampa pumzi. Nimemwambia pumzi ni ya kurithi.

Jumatano, 3 Oktoba
Akili ni mali. Tumekwenda na gari mpaka nyuma ya duka la dawa, hatua chache tu kufika shule. Nikajipaka maji usoni, eti jasho. Dilawar kanipa mkono! Sara kanuna. Nimemnunulia donati mbili.

Alhamisi, 4 Oktoba
Yesu na Maria! Naegesha gari, nageuka: mama yangu! Miaka sabini na moja, wiki ya tatu tangu atoke Bukoba, kanga juu ya koti. Kaja kwa miguu kumletea Sara chakula alichosahau, wala hahemi. Kaniuliza kama gari nalo limeandikishwa shule.

Ijumaa, 5 Oktoba
Kwenye majaribio Sara kawa wa pili kutoka mwisho. Kalia. Roho imeniuma, kweli. Pale pale uwanjani Mama kawaeleza wazazi wote kwamba shule yangu ilikuwa nyuma ya migomba yetu, kengele tukiisikia mezani, na bado nilibebwa mgongoni mpaka darasa la pili. Dilawar akatafsiri. Kumbe mzaliwa wa Dodoma, Kiswahili chake kinapita changu! Kizibao kapewa Mama.

Jumanne, 9 Oktoba
Nimemwomba Sara radhi. Majaribio mengine mwezi wa nne; nimeapa kutembea naye kila siku. Leo nimetembea! Njiani Shahnaz, mzazi mgeni, kaniuliza habari za shule za kwetu. Nikamwambia kilomita kumi na tano. Na mto.

Sara akageuka. Kwa Kiswahili, mara ya kwanza maishani mwake, akaniuliza kengele niliisikiaje.

Mtoto anaongea! Machozi yakanilenga. Nikamjibu upepo ulikuwa unavuma kutoka shuleni.