Ombi la Kurudishiwa Usingizi wa Kompyuta Yetu

Dirisha la Vyeti vya Kuzaliwa na vya Vifo,
Ghorofa ya chini, mlango wa pili baada ya choo.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: FUNDI WA KOMPYUTA ALIYE KWENYE MAJARIBIO, NA UBOVU ALIOTUONDOLEA BILA IDHINI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kiyoyozi chako kinapuliza. Sisi huku chini kwa afya hatujambo, ila amani ya moyo imetutoka.

Uliniandikia ukitaka maoni yangu, nikiwa mkuu wa dirisha, iwapo yule fundi wa kompyuta athibitishwe kazini au aende zake majaribio yatakapokwisha. Nakujibu bila kumumunya maneno: aende. Wala usidhani nina chuki naye. Fundi huyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa tumbo moja, na ni mimi niliyepanda ngazi zako mpaka soli zikalika nikimwombea nafasi. Ndugu ni ndugu, lakini ofisi ni ofisi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami sipendi kulia.

Ili ujue tulichopoteza, sina budi kukueleza tulichokuwa nacho. Kompyuta ya dirisha letu ilikuwa na maradhi ya usingizi. Ikiachwa kidogo bila kuguswa, inalala. Kulala si kosa, kila kiumbe hulala. Lakini hii yetu ilikuwa haiamki. Unagusa kipanya, feni inavuma ndani, kitaa cha kijani kinawaka, na kioo cheusi tii. Ikiachwa zaidi inazama kwenye ule usingizi wa pili, mzito, ambamo inaiweka kazi yote kwenye diski na kujizima kabisa. Ukiiwasha inaonyesha nembo yake, inazungukazunguka kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua chumbani, halafu giza. Hapo dawa ilikuwa kuizima kwa nguvu, cheti kilichokuwa kikiandikwa kinapotea, na mwananchi anaombwa arudi wiki ijayo.

Tuliketi kikao tukatafuta suluhisho, na tulilipata. Iliamuliwa mtu mmoja aketi mbele ya kompyuta kutwa nzima, mkono juu ya kipanya, akitikise isipate nafasi ya kulala. Kazi hiyo alipewa tarishi wetu mkongwe, ambaye tangu siku hiyo anaitwa Mzee Usilale. Ofisi ikaenda vizuri kwa miaka mingi, hadi alipokuja mpwa wangu. Makosa yake ni haya:

1. Amemvunjia Mzee Usilale kazi yake. Mzee huyu alikuwa na kiti chenye mto, msaidizi wa kumshikia kipanya akienda kula, na posho ya kiganja ambayo wewe mwenyewe uliipitisha. Tulikuwa tumeshaandaa mafunzo ya kumpata mrithi wake. Leo kompyuta inalala na kuamka ipendavyo, na mzee bado anakuja kila asubuhi, anaketi, na mkono wake unatikisika juu ya meza tupu. Ukimwambia apumzike anasema anapumzika.

2. Amefuata njia za mkato. Alipofika hakuomba kikao. Aliuliza tu kompyuta ilianza kuumwa baada ya kufanyiwa nini, swali ambalo ofisini kwetu halijawahi kuulizwa na mtu mwenye adabu. Kisha akadai kompyuta yenyewe haina ugonjwa, ila draiva ya kadi ya picha, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kioo. Eti siku moja ilijisasisha yenyewe, ikaingia isiyolingana na kadi yetu. Kwa hiyo kompyuta ikilala huamka vizuri kabisa, isipokuwa haijui tena kuwasha kioo. Ndugu Mkurugenzi, maana yake ni kwamba miaka yote hiyo ilikuwa macho, inatusikiliza gizani. Nilijisikia vibaya sana, maana tumesema mengi mbele yake, mengine juu yako.

Kuhusu neno la siri la kubadilishia mipangilio, ambalo fundi aliyetangulia aliondoka nalo, binti huyu alimpigia simu akamuuliza, naye akamtajia. Sisi hatukuwahi kumpigia kwa kuwa huo si utaratibu. Akaing'oa draiva ile pamoja na mabaki yake yote, akaleta ya watengenezaji wa kadi wenyewe, akazima mtindo wake wa kuwaka harakaharaka, ambao eti huifanya isizimike kabisa hata ikizimwa, kisha akailaza kompyuta na kuiamsha, akailaza na kuiamsha, mbele ya foleni nzima. Wananchi wakampigia makofi. Tangu jengo hili lisimame hakuna mtumishi aliyewahi kupigiwa makofi humu ndani, na wengine tuna vyeti vya utumishi bora.

3. Ametushushia hadhi. Zamani mwananchi akipaza sauti, mimi nilikuwa nakohoa kidogo. Mzee Usilale, ambaye ni mtu mwelewa, alikuwa anaondoa mkono kwenye kipanya kujikuna kichwa, wala hakuwa na haraka ya kumaliza kujikuna. Baada ya kitambo kioo kinazima, mwananchi anatulia, na ananiita mheshimiwa. Siku hizi nakohoa mpaka kifua kinauma, na wananiita wewe.

4. Amewatenganisha watu. Benchi letu lilikuwa mahali pa kujuana. Kuna kijana na msichana waliokutana pale wakisubiri vyeti vyao vya kuzaliwa, wakaposana wakisubiri, wakaoana, na wakarudi benchini kusubiri cha mtoto. Sasa mtu anaingia, anapewa cheti, anatoka, hata hamjui aliyekaa karibu naye. Mama muuza chai wa langoni ameniuliza kama kuna msiba, mbona hapana watu.

5. Amevuruga mpango wa kuishi na kufa, na hili naomba ulisome umeketi. Kompyuta ilipokuwa inalala, kwetu mtu akifa hakuondoka ghafla. Aliendelea kuwa hai vitabuni hadi kompyuta iamke, na wapo walioishi hivyo muda mrefu kuliko walivyoishi kwa nyama. Mjane alikuja, akaambiwa mumewe bado yupo, akarudi tena, akaambiwa bado yupo. Ni ofisi gani nyingine inayowapa wafiwa faraja ya namna hiyo bila malipo? Na watoto walianza shule kabla ya kuzaliwa, jambo linalowapa moyo wa kujitegemea. Sasa mtoto anazaliwa siku anayozaliwa, marehemu anakufa siku anayokufa, na hakuna tena nafasi ya kufikiri.

6. Hana heshima kwa wakubwa. Nilimwita kando, kijomba kabisa, nikamwomba aturudishie ugonjwa wetu hata kwa nusu ya siku, mathalani baada ya chakula cha mchana. Sikuomba kikubwa. Akanijibu mbele ya makarani wangu, wala hakupunguza sauti: “Mjomba, mimi nimesomea kutengeneza. Kuharibu ulikuwa unajua mwenyewe.”

Makarani walicheka. Mmoja alijidai anakohoa. Tangu siku hiyo mpwa wangu hapokei simu yangu, mimi sikanyagi kwa dada yangu, na dada amenitumia ujumbe kuwa mlango uko pale pale nikipoteza kiburi changu. Najua ninampenda mtoto huyu. Nilimbeba mgongoni akiwa na surua. Lakini mtu aliyebebwa mgongoni hana ruhusa ya kuona kisogo chako na kukisimulia.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba kwa unyenyekevu asithibitishwe. Naomba pia draiva ya zamani irudishwe kwenye kompyuta yetu na ifungwe humo kwa neno la siri jipya, lihifadhiwe na mtu anayekaribia kustaafu. Ikiwa kurudisha draiva ni kazi ngumu, basi tukatiwe umeme kila mchana, jambo lisilohitaji utaalamu wowote. Na ikiwa hata hilo haliwezekani, fundi ahamishiwe idara isiyo na kompyuta wala wananchi. Nadhani yako ni mojawapo.

Wasalimie wote wa ghorofa ya juu, katibu muhtasi wako, na yule mlinzi anayetuzuia ngazini. Makarani wangu wanakusalimu. Mzee Usilale anakupungia mkono, sijui kama ni kwa hiari.

Mimi niliye chini yako kwa cheo na kwa ghorofa,

Mkuu wa Dirisha la Vyeti

Nyongeza: Bahasha nimeifungua tena nikiwa kwenye benchi la hospitali. Asubuhi hii mama yangu ameteleza bafuni na nyonga imevunjika. Picha ya mfupa imepigwa, lakini imo ndani ya kompyuta ya chumba cha picha, na mpiga picha alipokwenda kunywa chai kompyuta ikalala. Feni inavuma, kioo hakiwaki. Daktari wa mifupa anasema hawezi kumgusa bila kuiona picha ile. Nimewaeleza habari za draiva kwa kadiri nilivyokumbuka, nao wamenijibu kwa adabu ile ile tunayowajibu wananchi wetu, kwamba nisubiri. Mama analia, na ananiuliza mimi mwenye ofisi nasubiri nini.

Nimempigia mpwa wangu na hapokei, na ni haki yake. Tafadhali mwite mezani kwako sasa hivi, umwambie anayemhitaji ni bibi yake, wala usinitaje mimi. Mthibitishe akiwa mlangoni, asikawie kutia sahihi. Barua hii anakuletea kwa miguu Mzee Usilale, niliyekuja naye hapa, kwa kuwa ndiye pekee ofisini asiye na kazi. Hayo ya juu yote yafute, Ndugu Mkurugenzi. Niliyaandika jana, mama akiwa mzima.