Komeo Yuko Huru

Jumatatu, 3 Juni

Kumbe mimi ni mchezaji huru! Yaani, nitakuwa huru Jumamosi, mkataba wangu ukiisha. Miaka kumi na moja nimelinda goli la timu hii, watu wananiita Komeo, na sikuwahi kujua kama nina thamani.

Nimelijua hilo gazetini. Kuna mshambuliaji wa timu moja kubwa, kaichezea tangu ana meno ya utoto. Mkataba umeisha, kawaambia kwaherini, kahamia kwingine. Wamempa nyumba yenye ngazi ndani! Nikamsomea mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, na cherehani yenyewe iko miguuni mwa kitanda chetu, kwa hiyo habari ya nyumba inamhusu. Hakuinua hata kichwa. Aliuliza tu kama huo uhuru wangu unaniruhusu kutengeneza bomba la jikoni.

Aliyenielewa ni Shemeji, kaka yake mke wangu. Anauza makava ya simu, lakini moyoni, anasema, ni wakala wa wachezaji. Akasema kosa langu ni upole. Mwenyekiti wa timu ananipa mkataba uleule kila mara kwa sababu anajua sina pa kwenda. Dawa ni kumtia wasiwasi. Tueneze habari kwamba timu ya ng'ambo ya reli, mahasimu wetu wakubwa, wananitaka. Mwenyekiti atapagawa, atakuja mbio na mkataba mnono, mimi nitajivuta kidogo, halafu nitasaini.

Kuhama kwenyewe sitaki, jamani. Nivae jezi ya wale watu? Bora nivae pazia.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umeanza. Shemeji kaenda kunyoa. Ningekwenda mimi, lakini sina nywele tangu msimu wangu wa tatu, kinyozi angeshangaa. Shemeji akamnong'oneza habari, akamwapisha asimwambie mtu. Mchana muuza magazeti akanipa pole na hongera kwa pamoja. Jioni mke wangu akarudi sokoni akiuliza kwa nini watu wanataka kujua tunahama lini. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Akasema hata bomba ni mambo ya kitaalamu.

Mwenyekiti akaniita dukani kwake, anakouza mbao na misumari. Akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Akauliza kama ni kweli. Nikajibu kama Shemeji alivyonifundisha, kwamba siwezi kulizungumzia hilo kwa sasa. Akageuka, akaanza kupanga misumari iliyokuwa imepangwa tayari. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Imeingia! Nimekula chakula cha jioni huku nikiwaza rangi ya ngazi.

Alhamisi, 6 Juni

Kuna kitu hakiendi sawa. Mazoezini Kocha kamweka Akiba golini. Akiba ni kipa wa akiba, kakaa benchi nyuma yangu misimu mingi mpaka jina lake halisi hakuna anayelikumbuka. Ana tabia ya kunipigia makofi kila nikidaka, na tabia hiyo inaniudhi kupita kiasi. Nikamwuliza Kocha kulikoni. Akasema ni vizuri azoee. Azoee nini? Kocha akanikumbatia. Kocha! Mtu ambaye hata salamu anatoa kwa kubania.

Wengine nao wamekuwa na adabu ya kutisha. Beki wetu wa kati, ambaye kila siku anautania upara wangu, leo kanibebea begi. Mzee wa Jezi, aliyetufulia na kutupigia pasi tangu sijajua kudaka, kaifua jezi yangu peke yake na sabuni ya kunukia, akaikunja kama nguo ya mtoto mchanga. Akanitakia safari njema. Safari ya wapi, mzee wangu? Sikuuliza.

Nimempigia Shemeji. Anasema Mwenyekiti anajikaza kisabuni tu, na sisi tukaze.

Ijumaa, 7 Juni

Mwenyekiti kaja nyumbani. Hakuja na mkataba!

Kavua viatu mlangoni, kakaa kwenye ukingo wa kitanda maana kiti kimejaa vitambaa. Akasema kamati imekaa. Wako waliotaka kunibembeleza nibaki, ila yeye kawakataza. Akasema Komeo ametutumikia, chumba chake ni hiki tunachokiona, sasa kafunguliwa mlango. Sisi ni nani tumzibie mwenzetu riziki? Kwa hiyo kesho nitaagwa kwa heshima zote, na nitang'oa msumari wangu.

Kwenye timu yetu, siku unapojiunga unapigilia msumari wako kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo. Huo ndio wa kutundikia vitu vyako, hakuna mwingine anayeugusa. Ukiondoka, unaung'oa mwenyewe wenzako wakikuangalia. Wangu uko karibu na dirisha. Niliupigilia nikiwa na nywele.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Mimi nilitaka mtu mmoja tu aniambie usiende. Mmoja! Badala yake nikamshukuru Mwenyekiti, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Niliporudi mke wangu alikuwa amesimamisha cherehani. Alikuwa anajua kila kitu, kumbe alishambana kaka yake tangu jana. Akasema kesho niseme kabla sijashika koleo. Nikaahidi. Halafu, kwa aibu, nikatengeneza bomba. Sasa linavuja sehemu mbili.

Jumamosi, 8 Juni

Sikusema kabla ya koleo.

Nilikusudia, lakini nilipoingia chumba kimejaa mpaka dirishani. Soda, biskuti, kamati nzima. Na mbele kabisa, ndani ya suti, mwenyekiti wa ng'ambo ya reli! Mwenyekiti wetu kamwalika ili anipokee mkononi, nisije nikaonekana nimetoroka. Timu gani duniani inafanya hivi? Ni sisi tu!

Nikapewa koleo. Nikavuta. Msumari umeshika kutu, hautikisiki. Nikafurahi, nikasema basi tuuache. Beki wa kati akasema haiwezekani, akanishika kiuno akavuta, wengine wakamshika yeye. Ukatoka kwa kishindo, na plasta juu yake, na msumari wa jirani, ambao ni wa Akiba, ukaanguka nao. Vumbi tupu. Akiba akalia waziwazi, akisema hajui sasa atampigia nani makofi. Nikalia na mimi. Watu wakasema ni vumbi.

Mwenyekiti akanishika mkono, akauweka kwenye mkono wa mgeni. Akamwambia wanamkabidhi Komeo wao, amtunze, goti lake la kushoto halipendi baridi.

Mgeni akauangalia mkono wangu. Akauliza Komeo ndiye nani. Akasema ameshukuru sana kwa biskuti, alidhani ni mwaliko wa ujirani mwema, lakini wao kipa wanaye, na habari hii hajaisikia popote.

Nikamtafuta Shemeji kwa macho. Alikuwa ameinama kule nyuma, anafunga kamba za viatu. Kavaa ndala!

Ikabidi niseme mwenyewe, mbele ya watu wote, msumari mkononi. Nilisema kwa kifupi na kwa sauti ndogo, wa nyuma wakaomba nirudie. Nikarudia. Mzee wa Jezi akauliza kama maana yake ni kwamba siendi. Akaenda kutafuta nyundo.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda dukani kwa Mwenyekiti. Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Aliuliza tu kwa nini sikuja nikamwambia chumba ni kidogo. Akasema Jumanne ile neno usiende lilikuwa mdomoni kabisa, akalimeza kwa ajili yangu, na tangu siku hiyo chakula hakimpiti. Nimelia pale kati ya mbao kama mtoto. Na yeye pia. Mteja aliyetaka bawaba akaondoka.

Mkataba nimepata. Ni uleule. Lakini goli Mwenyekiti kashamkabidhi Akiba mbele ya kamati, na yeye si mtu wa kurudi nyuma akishatamka. Kwa hiyo akiba sasa ni mimi.

Msumari wangu haushiki tena, tundu limepanuka. Akiba kapigilia wake upya, kisha kaja mpaka nyumbani kuniambia tutautumia wote wawili. Akaniomba na radhi. Yeye, aniombe radhi mimi! Mke wangu akamkaribisha chai, na baada ya kumsindikiza akaniambia cherehani imekaa vizuri pale ilipo, ngazi hajawahi kuomba. Moyo ulinijaa.

Jumamosi, 15 Juni

Mechi ya kirafiki. Benchi ni gumu, sikujua. Mzee wa Jezi kanipa mto wake wa kukalia.

Akiba kadaka penalti! Nikajikuta nimesimama napiga makofi. Kaniangalia akacheka mpaka nusura afungwe kwenye kona iliyofuata. Na mimi nilifurahi kwa dhati, naandika hapa bila kulazimishwa na mtu.

Nimemwambia mke wangu kwamba nimekuwa mtu mwingine. Mipango basi. Akasema tutaona.

Jumapili, 16 Juni

Shemeji kapita kuniomba msamaha. Sikutaka kumsikiliza. Nikamsikiliza kidogo.

Anasema mpango wetu haukuwa na kasoro, ila tulimtaja mchezaji ambaye siye. Ni kweli, nikifikiria! Akiba jana kadaka penalti mbele ya watu. Ikisikika kwamba wa ng'ambo ya reli wanamtaka, kila mtu ataamini. Na Mwenyekiti, kwa roho yake ile, atamzibia mwenzake riziki? Hawezi! Atamuaga kwa heshima zote. Akiba atang'oa msumari wake, mimi nitapigilia wangu upya kando ya dirisha, na goli litabaki na nani?

Nimeugeuza mpango huu huku na huku, sioni tundu. Koleo najua lilipo. Na nitamlilia Akiba kuliko alivyonililia mimi, maana nampenda sana yule kijana.

Tatizo ni kwamba kinyozi hamwamini Shemeji tena. Basi kesho asubuhi naenda mwenyewe. Nywele sina, lakini ndevu zipo.