Samaki Wangu Walegevu

Jumatatu, 3 Machi

Leo Profesa ametugawia kazi hapa maabara. Mimi tangi moja, Bi Makini tangi moja. (Bi Makini ni jina nililompa mwenyewe, kwa sababu hufuta meza ambayo ameshaifuta.) Ndani mna watoto wa samaki pundamilia, wembamba kama uzi, mwanga unawapita. Seli zao za ubongo zinazotengeneza dopamini, ile kemikali inayousukuma mwili ujongee, zinang'aa kijani chini ya darubini. Tutaziua kwa dawa, kisha tuchunguze jambo fulani. Jambo gani, sikusikia. Nilikuwa naangalia nani amewahi kiti cha karibu na Profesa. Bi Makini! Nilichosikia vizuri ni hiki: mwenye matokeo bora atahutubia mkutano mkubwa wa wanasayansi.

Jioni nimemwambia mama mkwe kwamba nimeshachaguliwa. Ilinitoka tu. Miaka yote hiyo ananiita mlisha samaki, na inaniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa imefanya kazi! Taa za kijani zimezimika, samaki wamezubaa kama mimi siku ya Jumapili. Wa Bi Makini nao hivyohivyo, lakini wangu wamelegea kitaalamu zaidi.

Mama mkwe ametangaza mtaa mzima. Ameleta kitambaa cha suti, akanipima mabega mwenyewe. Mke wangu akauliza nimechaguliwa lini na nani. Nikamjibu kwamba sayansi haielezeki jikoni. Nimeosha vyombo peke yangu.

Jumanne, 18 Machi

Balaa! Samaki wanakimbizana kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Nikachungulia kwenye darubini: nukta za kijani zimerudi. Seli zife, halafu zirudi? Nani kaniona mjinga? Huu ni mkono wa Bi Makini. Kaiba walegevu wangu, kaniwekea wazima!

Nikapita mezani kwake nikipiga mluzi. Wake pia wazima. Hapo nilichanganyikiwa kidogo. Kisha nikaelewa: kawaficha walegevu wote kabatini, awatoe siku ya mwisho. Mwanamke hatari yule.

Jumatano, 19 Machi

Nimepata dawa ya tatizo, nayo ni dawa yenyewe. Nimewatilia tena. Wamelala! Kila wakianza kuchangamka, nawatilia.

Bi Makini kaniuliza, kwa upole wake ule unaokera, wangu wanaendeleaje. Nikasema wanapumzika. Akasema wake wamechangamka, na amefurahi mno. Amefurahi! Maskini, kashindwa na wala hajui.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya matokeo. Nilivaa suti chini ya koti la maabara.

Akaanza Bi Makini. Picha za seli zilizokufa, picha za seli zilizoota upya. Profesa akampongeza, akakumbusha kwamba hilo ndilo lilikuwa swali tangu mwanzo: zikifa, je, zitarudi? Kumbe! Jasho likanitoka hadi ndani ya soksi.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaonyesha walegevu wangu. Profesa akainuka kitini. Akasema hajapata kuona: dawa ileile, samaki walewale, na seli zimegoma kurudi! Huenda nimegundua jambo kubwa. Akasema nitahutubia mimi. Nikainamisha kichwa kwa ule unyenyekevu niliokuwa nikiufanyia mazoezi bafuni.

Ndipo Bi Makini akauliza, wala si kwa ubaya, mbona chupa ya dawa iliyokuwa imejaa sasa ni tupu. Wote wakanigeukia. Nikasema huenda imekauka kwa joto. Profesa akasema chupa ina kifuniko. Nikasema kweli, tena kifuniko kizuri sana.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeosha matangi yote ya maabara. Mikono inanuka samaki hadi viwikoni. Walegevu wangu walihamishiwa kwa Bi Makini siku ileile ya matokeo, atawaangalia yeye. Niliona aibu kweli, karibu hadi chakula cha mchana.

Atakayehutubia ni Bi Makini. Lakini anahitaji mtu wa kumbebea tangi hadi jukwaani. Nikajitolea kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia mama mkwe kwamba nitapanda jukwaani na samaki. Uongo uko wapi hapo? Akalia kwa furaha. Akaniita mwanangu, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Kisha akasema atakuja mwenyewe na marafiki zake wote, wakae mstari wa mbele wanisikie. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Acha acheke. Nimeshapanga. Bi Makini ni mfupi na kuna kipaza sauti. Nikisimama mbele yake na tangi kifuani, nikawa nafungua mdomo na kuufunga yeye akisema, nani atajua? Samaki wanafanya hivyo kutwa nzima. Nimeanza mazoezi kwenye kioo, na kusema kweli nina kipaji.