Pijo Langu Halina Makosa

Jumamosi, 6 Julai 1996

Mimi ndiye mwenye gari peke yangu katika ukoo wa mke wangu. Tena si gari la kabureta. Pijo la injekta! Ni kuukuu, ndiyo, lakini lina akili. Balaa ni Chonga, kaka yake Mejumaa mke wangu. Kila jioni anaazima. Na shemeji hanyimwi ufunguo. Ukimnyima utasemwa mtaa mzima wa Kibokoni. Leo nimepata dawa. Gari lisilo na petroli haliazimiki! Nimekwenda ninakoliegesha, chini ya Ngome ya Yesu, maana vichochoro vyetu halipiti, nikafyonza petroli kwa mpira mpaka ikabaki ya kukoholea tu. Nimeitia katika jerikeni niliyoiokota nyuma ya jiko. Inanuka nazi, na chini ina utelezi. Nimeipangusa kwa gazeti. Chonga alipokuja nikampa ufunguo kwa mikono miwili. Amerudi kwa miguu.

Jumatatu, 8 Julai

Mpango unakwenda vyema. Jioni natoa, asubuhi narudisha. Ila leo Pijo limegoma. Stata inalia, injini inakohoa, kisha kimya. Jua lilipopanda, gari likawaka lenyewe! Nimechelewa kazini bandarini, nikamweleza mkubwa wangu kuwa ni injekta. Hakuelewa. Gari lake ni la kabureta. Nilimwonea huruma.

Jambo la ajabu: moshi unanukia mahamri. Wazee wa barazani wameuliza nani anakaanga, na mmoja ameagiza chai kabisa.

Jumanne, 9 Julai

Mwanabaraka, mdogo wake Mejumaa, anaolewa Likoni, ng'ambo ya kivuko. Jumamosi asubuhi apelekwe kwa mumewe, na mchana wageni wapate karamu ya walima. Chonga ameshauri tukodi teksi. Teksi! Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikatangaza kuwa bibi harusi atakwenda kwa injekta. Mejumaa akanivuta kando. Gari lilinunuliwa kwa bangili zake, kwa hivyo ana kauli. Akasema kwa upole, na mimi upole wake ndio unaonitisha: "Sikiza, bwana. Gari hili likimuaibisha ndugu yangu, Jumatatu lauzwa. Na mnunuzi ni Chonga."

Nimekubali papo hapo. Sina wasiwasi. Labda kidogo. Nalipenda Pijo hili kuliko ninavyoweza kumwambia mtu.

Jumatano, 10 Julai

Nimempelekea Pijo fundi Benard, karibu na kivuko cha Feri. Amefungua boneti, amesikiliza, akasema petroli ni chafu. Tangi lioshwe na chujio libadilishwe. Akauliza naipata wapi petroli. Nikasema kituoni, na kwa upande mmoja ni kweli. Akanusa mpira wa petroli, akanitazama sana. Mafundi hawa wanatafuta kazi tu! Nikamwambia kasoro iko kwenye injekta, nimeihisi mwenyewe. Nimeondoka.

Jioni nimezitoa injekta zote. Nimezipuliza kwa mdomo na kuzisugua kwa mswaki. Mswaki wa Mejumaa. Nimezirudisha. Skrubu mbili zimebaki mkononi. Bila shaka kiwandani huweka za ziada.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi haliwaki, mchana linawaka. Nimegundua! Injekta zinaona baridi. Dawa ya baridi ni jua, na usiku blanketi. Ni jambo rahisi mno, nashangaa Benard halijui.

Mchana nimemkuta Mejumaa uani anaanika chupa yake ya mafuta ya nywele juani, kama wafanyavyo wanawake wote Julai, mafuta ya nazi yakiganda. Akaniuliza kama nimeiona jerikeni yake ya mafuta ya nazi. Nikasema ya mafuta sijaiona, nimeiona tupu. Akanishika mikono, akainusa. Kisha akasema polepole: "Umetia mafuta yangu ya nazi katika gari, bwana. Ndiyo maana asubuhi laganda. Nenda kwa Benard leo hii akalioshe tangi."

Nilikaribia kucheka. Mafuta ya nywele na injekta wapi na wapi? Nikaahidi kwenda. Nimekwenda hadi Feri, nimekula kachiri za muhogo, nimetazama watu wakivuka, nikarudi nikamwambia tayari.

Jumamosi, 13 Julai

Limewaka! Kwa blanketi na birika mbili za maji moto. Bibi harusi nyuma na Mejumaa, Chonga mbele kando yangu. Nilipiga honi barabara yote ya Ndia Kuu.

Pale Feri, katikati ya mteremko wa kuingilia chomboni, Pijo likakohoa, likanukia mahamri, likafa. Nyuma yetu malori, honi, matusi. Mwanabaraka akaanza kulia, wanja ukamshuka mpaka kidevuni. Hapo moyo uliniuma kweli. Chonga akashuka, akavua koti, akawaita wauza machungwa wakasukuma. Wakasukuma kuingia, na ng'ambo wakasukuma tena kupanda. Wanawake wa watu, hata hawatujui, wakapiga vigelegele! Nikamwambia Mejumaa kwamba teksi haipati msafara kama ule. Aliendelea kumpangusa Mwanabaraka wanja. Tumefika wageni wameshamaliza biriani.

Jumatatu, 15 Julai

Limeuzwa. Chonga amelichukua kwa kamba. Nimelia msalani, bomba nimelifungulia lisikike badala yangu.

Jumamosi, 20 Julai

Chonga amelipeleka kwa Benard. Tangi limeoshwa, chujio jipya. Sasa linawaka alfajiri kwa kuguswa tu. Mambo ni wazi: ile kazi yangu ya mswaki ilihitaji siku chache kukolea. Sikumwambia. Sipendi kujisifu.

Leo nimemwomba ufunguo. Mimi ni shemeji, sinyimwi! Amenipa kwa moyo mweupe, akanitakia safari njema. Nikatazama geji. Tangi limejaa pomoni! Masikini Chonga. Mtu mwema, lakini haijui dunia. Gari namna hii mtu yeyote ataliazima akaenda nalo Malindi. Nimeamua kumsaidia kimyakimya. Nimeifyonza petroli yote, nimemwachia ya kukoholea tu; kesho asubuhi nitamrudishia. Jerikeni Mejumaa ameificha, lakini nimepata debe zuri zaidi. Lilikuwa la samli tu.