Jina Langu Chini ya Picha

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kikao cha wafanyakazi wote, saa mbili asubuhi. Daktari Kuluthumu, Mganga Mfawidhi wetu, hakuzungumzia dawa wala zamu. Alizungumzia kuchora. Tukatazamana. Amekuja mwalimu wa sanaa kutoka Mwanza, Mwalimu Adelina, na kwa siku kumi atakuwa nasi kwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo. Wagonjwa wanaoweza kukaa, pamoja na sisi tunaowahudumia, tutachora saa moja baada ya chakula cha mchana. Daktari alisema wapo kati yetu wanaolia chooni, na wapo walioacha kabisa kulia. Hao wa pili ndio wanaomtisha zaidi. Hakuna aliyecheka.

Kisha akasema jambo lililoniamsha. Mwishoni picha moja itatundikwa kwenye lango la wagonjwa wa nje, na jina la mchoraji litakuwa chini yake.

Miaka kumi na tisa niko chumba cha mafaili. Nimeyabeba maradhi ya Tabora nzima kwa mikono hii. Watu wananiita Bwana Faili. Juzi daktari wa meno aliniuliza kama nimekuja kutibiwa.

Picha hiyo itakuwa yangu. Jina: Festo. Herufi kubwa.

Kikwazo ni kimoja, Silasi wa maabara. Anajua kuchora tangu utoto na hajivuni. Huko kutojivuna ndiko kunakoniudhi.

Jumanne, 4 Juni

Nilichagua jambo zito: msafara wa zamani, wapagazi wakiingia Tabora kutoka pwani, mizigo kichwani. Nani angethubutu kushindana na historia? Mwalimu Adelina alisimama nyuma yangu kwa muda, akainamisha kichwa, akauliza kwa upole kuku hawa wanapelekwa wapi. Nikamjibu, sokoni. Ningefanya nini.

Silasi alichora vijidudu vya malaria kama anavyoviona kwenye darubini. Vimependeza kama shanga. Ni dhambi.

Kando yangu alikaa Mzee Raymundi, mkulima wa tumbaku wa Urambo. Kiharusi kimemchukua mkono wa kulia na nusu ya mdomo. Kwa mkono wa kushoto anachora bani lake, ile nyumba ya kukaushia tumbaku. Saa nzima ametoa ukuta mmoja, nao umepinda. Aliutazama kama mtu aliyetoka kuujenga kweli.

Mlangoni alikaa Sista Levina, mkunga wa wodi ya wazazi. Siku hizi hazungumzi na mtu. Alipaka rangi haraka haraka, akaichana karatasi yake, akaitupa kwenye ndoo ya taka, akarudi kazini.

Alhamisi, 6 Juni

Mbinu ya kwanza. Mzee Raymundi ana mawazo, mimi nina mikono miwili. Tuungane. Picha moja, majina mawili, langu likitangulia kwa kufuata alfabeti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shida. Nikamweleza mpango. Nikaushika mkono wake nimsaidie kuunyoosha ule ukuta. Akanibandua vidole, kimoja kimoja.

"Mkono huu mbaya," alisema, taratibu sana. "Lakini ni wangu."

Nilirudi kwa kuku wangu. Mbinu ya kwanza ilikufa saa nane na robo.

Sista Levina kachana tena. Mwalimu hakumzuia. Alimwekea tu karatasi nyingine mezani.

Ijumaa, 7 Juni

Nilijitolea kufagia ukumbi. Wote wakashangaa, wengine wakanishukuru. Nia yangu ilikuwa kuchungulia Silasi amefika wapi. Kumbe kaondoka na picha yake. Basi nikabaki na ufagio na ndoo ya taka.

Ndani ya ndoo, vipande vya Sista Levina. Kumi na kimoja. Kurasa zilizochanika ndiyo kazi yangu, nimeziunga miaka kumi na tisa. Nikavichukua hadi chumba cha mafaili, nikafunga mlango, nikatoa gundi.

Kitanda. Shuka jeupe lililovutwa vizuri. Dirisha, mwanga wa asubuhi. Chini ya kitanda, ndala za kijani, moja imepinduka. Hakuna mtu.

Nilitaka kuitazama dakika moja niende nikanywe chai. Chai ikapita.

Baadaye akili ikarudi. Nikawaza hivi: kitu kilichotupwa hakina mwenyewe. Niliirudia hoja hiyo mara tatu na mara zote ilisimama. Nikaandika jina langu chini, kwa kalamu ya wino usiofutika.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeikabidhi. Mwalimu Adelina aliipeleka dirishani kwenye mwanga. Aliuliza kuhusu zile alama za kuunga. Nikasema ni mtindo wangu. Akauliza ndala ni za nani. Nikasema za shangazi. Akauliza shangazi yuko wapi sasa. Nikasema yuko Sikonge, mzima kabisa, anafuga nyuki. Nikajuta. Jibu hilo halikuendana na picha.

Hata hivyo imechaguliwa. Silasi alikuja mpaka dirishani kwangu kunipa mkono. Alisema hajawahi kuona chumba kitupu kikisema mengi kiasi hicho, na kwamba alikuwa hanijui. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamshukuru. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Nadhani ni maharage ya mchana.

Sista Levina leo hakuja ukumbini. Yuko zamu.

Jumatano, 12 Juni

Naandika nikiwa nimejifungia chumba cha mafaili.

Picha ilitundikwa saa nne. Walikuwepo wafanyakazi, wagonjwa waliokuja kutibiwa, na Mzee Raymundi kwenye kiti cha magurudumu. Daktari Kuluthumu alinisifu. Alisema tumekaa na mtu huyu miaka mingi bila kujua amebeba nini. Nilikuwa nimevaa tai.

Sista Levina alitokea upande wa wodi ya wazazi, anatoka zamu, mkoba begani. Akasimama. Mkoba ukashuka mpaka chini na hakuuokota. Nilimwona akiitazama picha, kisha jina langu, kisha picha tena. Nilitafuta mlango. Watu walikuwa wameujaza.

"Hizo ndala ni za Martha," alisema.

Hakupaza sauti. Alieleza akitazama ukutani, kama anayesoma. Martha alikuja Aprili kutoka Nzega, mimba ya kwanza. Alijifungua salama mtoto wa kike alfajiri. Kisha damu ikaanza kutoka na haikukatika. Walifanya kila walichokijua. Kulipokucha kabisa alikuwa ameshakwenda. Mumewe akaja kuuchukua mwili, akamchukua na mtoto, ndala zikasahaulika chini ya kitanda. Levina aliziweka kwenye kabati lake. Miezi miwili hakuweza kuzitupa wala kuzirudisha. Kila akifungua kabati avae sare, anaziona.

Silasi ndiye aliyeanza kulia. Alisema yeye ndiye aliyepima damu ya Martha asubuhi ile. Alikimbia na chupa ya mwisho ya damu toka maabara, na alipofika mlangoni akaambiwa arudi nayo. Hajamwambia mtu, hata mkewe. Alikaa sakafuni palepale na koti lake jeupe. Sista Levina akaenda akakaa karibu naye. Mwuguzi mwingine naye akakaa. Mzee Raymundi akajisukuma kwa mguu mmoja mpaka alipo Silasi, akamwekea ule mkono wa kushoto kichwani.

Mimi nilibaki nimesimama, na tai yangu.

Levina alipoinuka alimwomba Mwalimu kalamu. Akalikata jina langu kwa mstari mmoja. Nilifikiri ataandika lake. Akaandika Martha. Halafu akanigeukia. Nilikuwa tayari kwa kofi.

"Kaka Festo, nimeichana mara nne. Wewe umeniunganishia bila kuulizwa. Basi tumalize pamoja. Jumamosi unanisindikiza Nzega."

Daktari Kuluthumu ameniambia, kwa sauti ya chini sana, niandike barua ya kujieleza.

Jumamosi, 15 Juni

Nzega. Basi la asubuhi. Levina alikaa dirishani, ndala mapajani, zimefungwa kwenye kanga. Mimi nilitunga hotuba. Niliona ni vizuri ujumbe uwe na kiongozi, na mwanamume mwenye umri ni mimi. Aya tatu, moja yenye masikitiko.

Nje kidogo ya mji, nyumba ya tofali za kuchoma, pamba imerundikwa barazani. Mume wa Martha, kijana aitwaye Mathias, alitukaribisha bila kuuliza tumefuata nini. Nadhani aliitambua sare ya Levina. Mama mzazi wa marehemu, Mama Gaudensia, alitoka ndani amembeba mtoto. Tukamwamkia. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza. Nilifika kwenye maneno "kwa niaba ya uongozi" Mama Gaudensia aliponipa mtoto nimshike. Sijui kama alikuwa amechoka au alitaka ninyamaze. Nikanyamaza. Huwezi kuhutubia umebeba kichanga.

Levina akafungua kanga.

Mama Gaudensia alizitazama ndala muda mrefu. Akaziweka chini, akazivaa. Zilikuwa ndogo, visigino vilibaki nje. Akatembea nazo mpaka kwenye mtungi, akarudi, akaketi. Mathias aligeukia ukuta.

"Mwanangu," mama alimwuliza Levina, "alikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Aliuliza mtoto ni wa kike au wa kiume, nikamwambia ni msichana. Akasema vizuri."

Mama akarudia lile neno, vizuri. Akasema miezi miwili amekuwa akijiuliza hilo moja tu, na hapakuwa na wa kumwuliza. Levina akaanza kuomba msamaha, na mama akamzuia, akamvuta kichwa begani. Ndipo Levina akalia, kwa sauti. Mathias alituletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Tulikula wote kwenye sinia moja. Mtoto aliniloanisha shati zima. Ana vidole virefu. Alikishika kidole changu gumba na hakukiachia hata alipolala, nami sikutaka kusogea.

Njia nzima ya kurudi Levina alilala, mdomo wazi kama mtoto. Mimi nililia kuanzia Nzega mpaka tunaingia Tabora. Kondakta aliponiuliza, nikasema vumbi. Barabara ni ya lami.

Jumanne, 18 Juni

Jana Idi. Daktari Kuluthumu alileta pilau kwa walio zamu, na mimi nilipewa. Nimeshukuru.

Mzee Raymundi ameruhusiwa kurudi Urambo. Bani lake limekamilika, kuta nne zote zimepinda. Mwalimu aliliomba libaki ukumbini. Mzee akakataa, akalikunja, akaondoka nalo kifuani. Sista Levina alimsukuma mpaka kwenye gari. Nimesikia akimtania, na nimesikia akicheka.

Barua ya kujieleza nimeimaliza, kurasa nne. Nimekiri kila kitu. Nimeandika kwamba nimejifunza mengi, na kwamba sitaki tena jina langu ukutani. Nimesema kweli tupu. Ukuta si mahali pa mtu kama mimi.

Daktari ametangaza kwamba Mwalimu Adelina atarudi Septemba. Safari hii itakuwa nyimbo. Wimbo mmoja utachaguliwa uwe wimbo wa hospitali, uimbwe kila Jumatatu, na mtunzi atatajwa.

Sina sauti. Lakini wodi ya wanaume, kitanda cha tisa, yuko fundi seremala mmoja, Rashidi, mguu umening'inizwa. Kila asubuhi anaimba kitu, taratibu, macho kafumba. Nimesimama mlangoni mara mbili, na mara zote mbili nilisahau nilikuwa napeleka faili la nani. Leo nimemwuliza wimbo ule ni wa nani. Akasema hajui, unamjia tu.

Yaani hauna mwenyewe. Nimeirudia hoja hiyo mara tatu.

Kesho naenda na simu nikaurekodi.